Bure, Huru na Huria: Mapokezi ya Programu Huru za Kompyuta katika Afrika Mashariki

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana kimaana ambayo wasemaji wake hawayachanganyi: bure, huru na huria. Bure huhusu bei, na mara nyingi hubeba dharau ndani yake, kwa kuwa kazi bure ni kazi isiyozaa kitu. Huru huhusu hali ya mtu au nchi isiyotawaliwa na mwingine, na kwa kizazi kilichoshuhudia mwaka 1961 Tanganyika na 1963 Kenya, neno hilo lina uzito ambao hakuna kamusi inayoweza kuupima. Huria lilipata nguvu mpya katika lugha ya umma pamoja na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, lilipoambatanishwa na soko, na baadaye na elimu, pale Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Watetezi wa programu huru wanaoandika kwa Kiingereza wamelazimika kwa miaka mingi kufafanua kwamba neno lao moja lina maana mbili, na kwamba wao wanakusudia ile isiyohusu fedha. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hana mzigo huo. Ana mzigo mwingine, yaani kueleza ni kwa nini, ilhali lugha yake ilitofautisha mambo haya tangu mwanzo, watumiaji wa Afrika Mashariki walizipokea programu hizi kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Hoja ya insha hii ni kwamba programu huru ziliingia katika eneo hili kwa mlango wa bure, zikatetewa katika ofisi na vyuo kwa jina la huria, lakini kilichosalia baada ya miradi kufungwa kilisalia kwa sababu ya huru. Ushahidi ni wa aina mbili. Upo wa kumbukumbu za umma, na upo wa uzoefu wa mwandishi mwenyewe, ambaye ametumia mifumo endeshi ya Linux tangu mwaka 2006, kwanza akiwa mwanafunzi, kisha akiwa msimamizi wa maabara ya kompyuta, na hatimaye akiwa mtafiti wa historia. Uzoefu wa mtu mmoja hauthibitishi mwenendo wa eneo zima. Hata hivyo, maamuzi ya watumiaji wa kawaida katika maabara za vyuo hayakuandikwa popote, na bila kumbukumbu za waliokuwapo sehemu hiyo ya historia hubaki wazi.

Chimbuko la jambo lenyewe liko Marekani. Hadi miaka ya 1960 kampuni zilizouza kompyuta zilitoa programu pamoja na mashine, na watumiaji walibadilishana msimbo chanzo kama mafundi wanavyoazimana patasi. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba ingeanza kutenganisha bei ya programu na bei ya mashine. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell za kampuni ya simu ya AT&T, ulianza kuundwa mfumo wa Unix. AT&T ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya huduma za simu, na kwa hiyo Unix ilitolewa kwa vyuo vikuu kwa masharti mepesi pamoja na msimbo wake. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia waraka wa wazi wapenzi wa kompyuta ndogo akiwalaumu kwa kunakili programu bila kulipa. AT&T ilipogawanywa mwaka 1984 na kuruhusiwa kuingia katika biashara ya kompyuta, leseni za Unix nazo zilibanwa.

Richard Stallman, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya akili bandia ya MIT, amesimulia mara nyingi kisa cha printa ya Xerox. Printa hiyo ilikuwa ikikwama, naye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji wakiwa mezani kwao. Mtafiti mmoja wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo alikataa kumpa kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoutoa. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo inatumia hakimiliki kuzuia mtu yeyote asiufunge msimbo uliofunguliwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokiandika, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni hiyo. Uhuru unaodaiwa hapa ni wa namna nne: kuitumia programu kwa lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa nakala zake, na kugawa nakala ulizozibadilisha. Hakuna hata mmoja unaotaja bei.

Simulizi hii, kama inavyosimuliwa kwao, ni simulizi ya kupotelewa. Kulikuwa na jumuiya iliyoshirikiana, wenye mali wakaja na kufuli, na mmoja akaamua kuirejesha hali ya awali. Afrika Mashariki haikuwa na hali hiyo ya awali. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya serikali kutoridhishwa na matokeo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, kipindi ambacho wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wakisoma msimbo wa Unix mstari kwa mstari, mwenzao wa Dar es Salaam hakuwa na mashine ya kuusomea. Kompyuta zilipofika kwa wingi katika miaka ya 1990, zilifika na programu zilizokwisha kufungwa. Huwezi kumwambia mtu arejeshewe kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Kwa maoni ya mwandishi, jambo hili linaeleza mapokezi baridi ya programu huru kuliko hoja ya uhaba wa utaalamu ambayo hutolewa mara kwa mara.

Sababu ya pili ni kwamba bure ilikuwa tayari imejaa mitaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilizitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, lakini diski za programu zilizonakiliwa ziliuzwa waziwazi kwa bei ya chakula cha mchana. Katika maabara ambayo mwandishi alisoma, Windows na Office zilipatikana kwa gharama ileile ya Linux, yaani bei ya diski tupu. Mwanafunzi aliyeelezwa kwamba mfumo huu mpya ni bure aliuliza swali la haki: na ule mwingine nimeulipia lini? Hapo hoja ya bei ilikufa papo hapo. Ikaongezwa na ile hekima ya jikoni, kwamba rahisi huvunja upishi. Kitu kinachotolewa bila malipo, tena na wageni, kilishukiwa kuwa duni au kuwa na mtego.

Kilichomvuta mwandishi na wenzake wachache kilikuwa jambo la chini zaidi: virusi. Flashi zilizozunguka kati ya vibanda vya kuchapisha, maabara na vyumba vya bweni zilibeba virusi vilivyojianzisha zenyewe mara flashi ilipochomekwa, vikaficha kazi za wanafunzi na kuacha majina ya ajabu mahali pake. Kompyuta yenye Linux ilizifungua flashi hizo bila kudhurika na kuyaonyesha mafaili yaliyofichwa. Kwa muhula mmoja mzima mashine moja ya Linux katika maabara hiyo ilitumika kama zahanati. Watu walikuja na flashi zao, wakaokolewa tasnifu zao, kisha wakarudi kwenye Windows. Hakuna aliyeuliza kuhusu leseni.

Diski yenyewe ilifika kwa posta. Mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ulikuwa na huduma ya kutuma diski popote duniani bila malipo, hata ya stempu, na huduma hiyo iliendelea hadi mwaka 2011. Jina lake lilikuwa na bahati kwetu. Neno hilo la lugha za Kusini lina shina lilelile la utu na mtu, na Mswahili halihitaji tafsiri. Lakini mfumo huo ulijengwa kwa dhana kwamba mtumiaji ana intaneti ya kutosha. Programu za ziada hazikuwa kwenye diski. Zilikaa katika hazina za mtandaoni. Ubuntu haikuweza kucheza muziki wa MP3 mara baada ya kusakinishwa, kwa sababu teknolojia hiyo ilikuwa na hataza katika nchi kadhaa, na mtumiaji alitakiwa kupakua sehemu iliyokosekana. Mtu wa Dar es Salaam, ambaye hakuwa na ugomvi wowote na wenye hataza hizo, alijikuta hawezi kusikiliza taarabu yake hadi alipe saa kadhaa za kibanda cha intaneti. Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ilipitia setilaiti, kwa gharama iliyoifanya kila megabaiti ihesabiwe. Programu ya bure ilikuwa ghali kuifikisha.

Na ilikuwepo printa. Ofisi moja ya chuo ambayo mwandishi hataitaja ilinunua printa ambayo mtengenezaji wake hakutoa programu ya kuiunganisha na Linux wala maelezo ya kumwezesha mwingine kuiandika. Ofisi hiyohiyo ilipokea tasnifu katika umbo la Word pekee, na tasnifu zilizoandikwa kwa OpenOffice zilifunguka huko zikiwa zimevunjika pambizo na nambari za kurasa. Robo karne baada ya kisa cha MIT, kikwazo kilikuwa mashine ileile. Tofauti ni kwamba mtafiti wa MIT alikasirika kwa sababu alijua kuwa angeweza kuirekebisha. Katika ofisi yetu hakuna aliyewaza kwamba programu ya printa ni kitu ambacho mtu huandika na mtu mwingine huweza kukisoma. Printa haikubali, ilisemwa, kama vile mtu anavyosema mvua haijanyesha.

Mabadiliko ya kweli katika mjadala yalikuja kwa njia ya lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na washirika kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba mwaka huo ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Jina la mradi ni la ustadi, kwa kuwa kiambishi ki- kimeigeuza Linux kuwa lugha miongoni mwa lugha. Jina la programu halina ustadi huo. Jambo ni salamu anayopewa mgeni hotelini, na wenyeji huulizana hujambo. Mwaka huohuo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili, na vifurushi vya lugha vya Office na Windows vikafuata. Katika muda mfupi lugha iliyokuwa haipo kabisa kwenye skrini ikawa na waposaji wawili.

Tafsiri hizo zilizua mijadala ya istilahi ambayo bado haijakwisha: kompyuta, tarakilishi au ngamizi, nywila au neno la siri. Baadhi ya maneno yalifanikiwa kwa sababu yalikuwa na kazi tayari. Kupakua kulikuwa kushusha shehena chomboni na kutoa chakula chunguni kabla ya kuwa kushusha faili, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Katika maandiko na semina za kipindi hicho neno lililotumika zaidi lilikuwa huria: programu huria, chanzo huria. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Mwaka 1998 kundi moja la waandishi wa programu huko Marekani lilibuni jina jipya linalosisitiza uwazi wa msimbo ili kuwavutia wafanyabiashara walioogopa mazungumzo ya uhuru na maadili. Huria, neno lililokwisha kuzoeleka pamoja na soko, lilibeba mwelekeo uleule. Lilieleweka na wizara na wafadhili. Huru lingeuliza maswali zaidi: huru kutoka kwa nani?

Jibu lilijitokeza baadaye, katika jambo lisilovutia macho, yaani ukaguzi wa tahajia. Lugha kama Kiingereza inaweza kukaguliwa kwa orodha ya maneno. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu kitenzi kimoja kama pika huzaa nilipika, hawatatupikia, asiyempikia, wangalipikiana na maelfu ya maumbo mengine yanayotokana na viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko. Programu inayokagua Kiswahili lazima ijue kanuni za viambishi. OpenOffice ilikuja kutumia programu iitwayo Hunspell, iliyoandikwa kwa ajili ya Kihangari, lugha nyingine yenye mrundikano wa viambishi. Mhangari aliyetatua tatizo la lugha yake aliacha msimbo wazi, na wale wanaoshughulikia lugha nyingine hawakuomba ruhusa. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili iliyoambatana na programu hizo iliandaliwa na mwanazuoni wa Kenya, ingawa faili lake lina alama ya sw_TZ, ya Tanzania. Ugomvi wa kale kuhusu Kiswahili cha nani ulipita hapo bila mtu kuutambua.

Mradi wa Kilinux ulinyamaza, kama miradi mingi inavyonyamaza fedha zinapokwisha. OpenOffice yenyewe iliingia katika mgogoro baada ya mmiliki wake kununuliwa, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya waandishi wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Waliondoka na msimbo wote na tafsiri zote, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Ndiyo maana katika orodha ya lugha za LibreOffice Kiswahili cha Tanzania kipo. Hakuna ofisi ya Dar es Salaam iliyoombwa kibali, na hakuna aliyeweza kukinyima. Kwa upande wa pili, Windows XP ilipoacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, kifurushi chake cha Kiswahili kilibaki mali ya kampuni, na mtumiaji hakuwa na haki ya kukifungua, kukisahihisha na kukihamishia kwingine.

Haki inadai kusemwa pia upande mwingine wa jambo hili. Kampuni hiyo iliendelea kutoa Kiswahili katika matoleo yaliyofuata, kwa sababu ililipa watu kufanya hivyo. Linux anayoitumia mwandishi hadi leo ina menyu zilizochanganyika, mstari mmoja wa Kiswahili na mitatu ya Kiingereza, kwa sababu tafsiri hutegemea watu wa kujitolea ambao wana mitihani, watoto na mashamba. Leseni huhifadhi haki ya kufanya kazi. Kazi yenyewe haiifanyi. Wanaharakati wa programu huru hawapendi kulisema hili, na kutolisema kumewapotezea wasikilizaji wengi katika vyuo vyetu.

Pale ambapo kazi ililipiwa na msimbo ukabaki wazi, matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS ulikua kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret na wenzao wa Indiana. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za raia, iliandikwa mwaka 2008 katika siku za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, na ilisambaa duniani ikiwa na jina lake la Kiswahili. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia DHIS2 kukusanya takwimu za afya za nchi nzima, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa wanaouendeleza mfumo huo. Watu hawa hawakuuliza kama programu ni bure. Waliuliza kama wanaweza kuibadilisha fomu ya kliniki bila kumsubiri mtu wa bara jingine.

Umma mkubwa ulifikiwa na Linux kwa njia ambayo hakuna mtetezi aliyeitarajia. Simu za Android, zilizoanza kuenea Kenya kwa kasi mwaka 2011 pamoja na simu ya bei nafuu ya IDEOS kutoka Huawei, zina kiini cha Linux. Leseni ya kiini hicho inamlazimu mtengenezaji kutoa msimbo wake. Lakini simu nyingi zimefungwa zisikubali mfumo mwingine, na programu nyingi zilizo juu ya kiini si huru. Mamilioni ya Waswahili hubeba mfukoni msimbo wa GPL wasioweza kuugusa.

Jambo la mwisho linahusu saa. Katika mifumo yote ya Kiswahili aliyoitumia mwandishi, ya kulipiwa na isiyo ya kulipiwa, siku huitwa Jumapili, Jumatatu na kuendelea, na miezi ina majina yake, lakini saa ya pembeni mwa skrini husomeka 08:00 pale ambapo msemaji husema saa mbili asubuhi, na barua ya ofisi huandika saa 2:00 asubuhi. Watafsiri walitafsiri maneno, hawakutafsiri hesabu, kwa sababu mafaili waliyopewa yalikuwa na nafasi za maneno tu. Mwaka 2016 mwandishi aliufungua msimbo wa saa katika mashine yake ya Linux na kuongeza mistari michache inayoondoa saa sita, kuongeza kumi na mbili inapobidi, na kuweka alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Sehemu iliyochukua muda mrefu ilikuwa kuamua alfajiri inaishia wapi. Mwenzake kutoka Mombasa aliyepewa nakala alibadilisha mpaka huo kwa nusu saa, akairudisha ikiwa na maelezo yake, na toleo linalotumika sasa katika maabara hiyo ni la kwake.